Meza ya Jumamosi

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Leo nimenunua Ireland gunia mbili. Sio mchezo. Kule Ruiru kwa nyumba ya mapadre, padre mzee amerudishwa kwao akapumzike, na mpishi wake alikuwa anatoa magazeti kwa stoo ndio apate mahali ya kuweka mahindi yake kabla mvua iharibu. Mi kazi yangu ndio hiyo: nanunua magazeti ya zamani, nauzia mabucha na wamama wa mandazi wafungie watu vitu. Nilifikiri ni haya yetu ya kawaida. Kumbe dada ya padre alikuwa anamtumia gazeti ya kwao Ireland kila wiki kwa posta, miaka na miaka, gazeti ya mji ndogo inaitwa Ballycorran. Mpishi anasema mzee alikuwa anasoma na penseli kwa mkono, anagombana na gazeti kama mtu amekaa mbele yake.

Gunia moja nimeachia dada yangu Mwanarusi huko Kiuu. Ya pili nimeleta Thika, na nusu nikapatia Waweru wa bucha hapo hapo ju alikuwa ameishiwa na karatasi.

Mawingu iko chini sana leo.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijauza kitu tangu asubuhi. Kuna jamaa kwa haya magazeti, aki, jamaa mwenyewe.

Anaitwa Malachy Devenney. Nilimwona kwanza kwa peji ya 1967, amesimama kwa mlango ya nyumba ya mtu, polisi wako mbele yake, mvua inanyesha, na koti yake ni kubwa kumliko. Kanjo ya huko, baraza ya mji, ilikuwa inafukuza mama na watoto sita, na yeye akakaa kwa mlango siku tatu. Nikasema huyu lazima nimfuate. Nikamwaga gunia kwa kitanda nikaanza kupanga miaka. Mama akaingia akauliza, Safaa, umefungua ofisi ya D.O. wa serikali?

Mpaka sai najua hivi. Baba yake alikuwa anachimba mitaro ya reli. Akiwa na miaka kumi na tisa akafungwa ju ya bunduki, ju alitaka Waingereza watoke ile pande ya juu ya nchi yao wamebaki nayo, nchi yote ikuwe jamhuri moja. Hiyo hata shosho ya mtu hapa Thika anaielewa bila kuelezwa. Sasa jela akasoma vitabu mpaka akatoka na kichwa ingine. Akasema jamhuri bila nyumba na kazi ni bendera tu, na bendera haizibi paa. Hiyo nimeandika kwa ukuta na makaa, mama bado hajaona. Halafu wenzake wakagawanyika, wa kushika bunduki na wa kupanga wafanyakazi, yeye akaenda na wa wafanyakazi, na watu walikuwa wamelala na yeye jela wakaacha kumsalimia barabarani. Padre wa huko akamwita komunisti mbele ya kanisa yote. Kamusi yangu ya Kiingereza niliiokota bila A mpaka C, kwa hivyo ilibidi niulize fundi Nicanor wa cherehani komunisti ni nani. Akasema ni mtu hataki uwe na cherehani mbili.

Na kando ya picha ya 1967, penseli ya padre wetu wa Ruiru. Neno moja. Kwa Kiswahili ni kama kusema mhuni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Gunia nimeinua juu ya meza, mi nimelala na miguu imekunjwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimempatia Baba Dianah stori yote akiziba tube.

Baba Dianah ni Mutiso, jirani yetu wa ukuta moja hapa mtaa wa Landless. Mi na Dianah wake tulirudishwa nyumbani pamoja form two ju ya fees, yeye akaolewa Machakos, mi nikabaki na magazeti. Mutiso alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa kiwanda ya nguo mpaka ikafungwa, sai anatengeneza baiskeli hapo kando ya Nicanor. Amesimama ukansela, ule udiwani wa kanjo, mara mbili. 1988 watu walipiga laini nyuma ya mtu wao, laini yake ikakuwa ndefu na ikahesabiwa fupi. 1992 ikawa kura za siri, na zake hata hazikuwa nyingi. Sasa anasimama tena Disemba hii na watoto wanamwita Jaribu. Mwenye hiyo kiti ya ukansela sai ni Erastus. Mbele yake tunasema Mheshimiwa, akipita tunasema Kesho, ju hiyo ndio jibu yake ya kila kitu.

Mi nikiongea mikono inaruka, nikamwaga mpaka maji ya beseni yake ya kutafuta pancha. Yeye akaendelea kuziba tube mpaka nimalize. Halafu akauliza tu huyo mtu, siku zisizo za kura, alikuwa anafanya nini.

Nikakimbia kuangalia. Iko, 1969. Kila Jumamosi Devenney alikuwa anakaa kwa meza nyuma ya bar na exercise book. Mtu yeyote anakuja anasema shida yake, anaandikwa. Jumatatu Devenney anapeleka kwa kanjo. Jumamosi ingine anampatia mwenyewe jibu.

"Hata kama jibu ni hapana?" Mutiso akaniuliza.

Nikasoma tena. Hata kama ni hapana.

Akazungusha tairi, akaiangalia ikisimama yenyewe. Akasema kwa hivyo hiyo ndio kazi, na tunaweza kuianza kabla ya mtu kutuchagua.

Nicanor ametupea veranda. Ya bar, mama yangu amekataa kabla sijamaliza kusema neno bar.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo tumeaibika na wacha niandike yote kabla nianze kusema haikuwa mbaya.

Saa mbili asubuhi tukaweka meza. Mutiso amevaa koti. Mi na exercise book mpya na biro mbili, ju mwandiko yangu inasomeka na yake inakaa ya kuku. Saa tatu kuna watu kumi. Saa nne laini imefika posho mill, kwa kusaga unga, na bado inaongezeka, na watu wana furaha, wanasalimiana, wengine wamebeba magunia, mmoja amekuja na wilbaro. Mi niko juu juu, nafikiri Ballycorran ije ione. Naandika jina, naandika watoto wangapi, ju kila mtu anataka niandike watoto. Mama mmoja akaniambia niweke na wa tumboni.

Nimeandika majina sitini na nane ndio nikakumbuka kuuliza shida. Nikauliza shosho mmoja wa shuka ya kijani. Akafikiria vizuri, akasema shida yake ni maharagwe, mahindi bado ako nayo kidogo.

Manze. Hapa kwetu, mwaka wa kura, na mvua kama hii, ukiweka meza na exercise book unaandika relief, chakula ya msaada. Hakuna mtu hutangaza. Ukiona kitabu unapiga laini, maswali ni baadaye. Na mimi nimezaliwa hapa, nimepiga hizo laini na beseni ya mama kwa kichwa, na sikufikiria.

Mutiso akapanda stuli ya Nicanor akawaambia ukweli. Hakuna unga. Hakuna mtu ametuma. Tulitaka kujua shida zenu. Halafu mtu akauliza kwa nyuma, pole pole kabisa, sasa mlituandika ya nini? Mwingine akasema majina inaenda kuuzwa kwa Erastus. Hapo ikakuwa noma. Wakataka kukatwa, na sio kukatwa ovyo, kila mtu akitazama jina yake ikipigwa mstari. Kwa hivyo laini ikageuka ikaanza upya, na nikakaa masaa mbili nikikata majina sitini na saba moja moja. Shosho wa maharagwe akaniambia nikate na watoto pia.

Wa mwisho alikuwa Nelima, yule mama anakaa kule chini karibu na godown. Nimeshainua biro. Akasema yake nisikate.

"Choo yangu imejaa maji wiki mbili. Andika hiyo."

Nikaandika. Moja.

Jumapili, 26 Oktoba

Watoto wameacha kusema Jaribu. Sai wanasema Maharagwe.

Jumamosi, 1 Novemba

Watu wanne. Mutiso alikuwa ameenda kanjo Jumatatu ju ya choo ya Nelima, wakamwambia hapana, hiyo laini ya nyumba za chini haiko kwa ramani. Akamwambia Nelima hivyo hivyo, usoni. Mi nilingoja akasirike. Akasema hajawahi kuona mtu akirudi kumletea hapana, na akakaa kwa benchi kutuambia shida ya jirani yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua haijasimama tangu Jumatatu. Kwa redio wanaita El Niño. Mama anasema huyo Elnino akikuja kuomba kura tumfukuze.

Jumapili, 9 Novemba

Nimechoka mpaka kalamu ni nzito lakini lazima.

Jana maji iliingia laini yote ya chini. Nelima alibeba mtoto kwa bega na godoro kwa kichwa. Leo asubuhi mvua imepumzika kidogo, mi nikakaa na exercise book nikahesabu: shida kumi na moja tumeandika, na saba zinatoka kwa ile laini. Choo imejaa, ukuta umekunywa maji, mtoto ameanguka kwa mtaro. Nikachora nyumba moja moja kwa peji ya nyuma. Zote zinazunguka ile kalvati ya nyuma ya godown, bomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Nikapiga mlango wa Mutiso bila viatu.

Aliangalia hiyo mchoro yangu mbaya, akachukua mtaimbo na jembe, akaenda. Hakuita mtu. Amefika amevua shati, ameingia mpaka kiuno, kibaridi, na wanaume wako juu wamekunja mikono wanaangalia kama sinema. Erastus alikuwa ametuma Simeon, mtu wake wa kampeni, apite na spika akisema Mheshimiwa ako na habari ya maji na kesho ataleta mashine. Akasema kesho, na watu wote wakacheka pamoja, na sijui kama ni hiyo kicheko ilifanya, lakini Waweru wa bucha akavua saa yake akanipatia nishike, akaingia. Halafu wengine.

Wametoa godoro. Wametoa vitambaa za kiwanda, zimefungana kama kamba ya meli. Ya mwisho kabisa ikatoka ubao mrefu, ukapinduliwa, na juu yake sura ya Erastus ya 1992, anatabasamu, na maandishi bado inasomeka: Nitawapa mitaro. Maji ikaenda na sauti, mpaka saa tisa laini ya Nelima ikaonyesha udongo.

Mama Dianah alinunua matumbo kwa Waweru akapikia wachimbaji wote sufuria kubwa, mama yangu akaleta chapati. Mutiso alikula amefunikwa blanketi na hakuna mtu alimwita Maharagwe.

Nilikuwa namwona kama mtu wa kupoteza kura. Leo nimemwona tofauti na siwezi kueleza, ni kama wakati unasoma neno mara mia halafu siku moja unaijua.

Jumatano, 12 Novemba

Janga. Devenney amenikatikia.

Alisimama ubunge mara nne akapoteza zote, 1969, 1973, 1977, 1981. Kila mara gazeti linasema huu ndio mwisho wa bwana Devenney. 1982 akasimama ya tano. Niko na ile gazeti ya wiki kabla ya kura. Ya wiki baada ya kura haiko. Nimepekua gunia mpaka chini, na ile imebaki hapo ni mende.

Penseli ya padre ndio inaniumiza zaidi. 1967 mhuni. 1973 ameandika, bado yuko. 1977, kwa mambo ya nyumba anasema kweli, kwa mengine namwombea. Na 1982, ile wiki ya mwisho, kwa mkono inatetemeka: haya sasa, Malachy.

Nimeenda kwa Waweru. Ameniambia zile za gunia yangu zimeisha zote, amefungia watu matumbo mwezi mzima.

Ijumaa, 14 Novemba

Kiuu. Mwanarusi ameuzia wamama wanne. Nikanunua mandazi kwa kila mmoja nikiomba nichague karatasi ya kufungiwa. Nimepata bei ya ng'ombe, matanga, na timu ya mpira ya wasichana. Nimekula mandazi kumi na moja. Sitaki kuongea.

Jumamosi, 15 Novemba

Watu ishirini na sita kwa meza. Hakuna aliyeleta gunia.

Ijumaa, 21 Novemba

Mutiso anatoka.

Simeon alikuja jana mchana na Mutiso ako kwa baiskeli, hakuja na fujo, alikuja na heshima zote. Erastus anampatia kazi ya kusimamia soko, kazi ya kanjo, na nyumba ya kanjo. Sharti ni asirudishe tu karatasi za kusimama kwa kura. Mama Dianah ameniambia mwenyewe tukianua nguo, na macho yake ilikuwa nyekundu, na akaniambia nisimwangalie hivyo. Amemfulia huyo mtu mashati ya kampeni tangu 1988. Anataka kulala mahali haivuji.

Na mi siwezi kusema ana makosa. Hiyo ndio inaniua. Nimekasirika kutoka asubuhi na hakuna mtu wa kukasirikia.

Karatasi zinarudishwa wiki ijayo.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefanya kitu.

Meza ikaisha saa saba. Watu thelathini. Mutiso aliandikia kila mtu jibu yake mwenyewe leo, na hiyo mwandiko, na nikajua anaaga. Akafunga exercise book akanipatia. Akasema niiweke vizuri, labda kuna mtu ataitaka. Akasema amechoka, Safaa, mtu anaweza kujaribu mara ngapi.

Mdomo yangu ikafunguka.

"Devenney alishinda, Baba Dianah. Ile ya tano. Nimepata peji."

Aliniangalia muda mrefu. Huyo mtu ana macho ya kutafuta tundu kwa tube, anaweka ndani ya maji na anangoja tu.

"Kwa kura ngapi?"

"Hamsini na tatu."

Sijui ilitoka wapi. Hata sikumeza mate. Akatingisha kichwa, akaokota spana, akaiweka chini tena. Akasema basi sawa. Akaenda ndani, na nikasikia anaongea na Mama Dianah kwa Kikamba muda mrefu, sauti ya chini, na Mama Dianah hakulia.

Jumatano, 26 Novemba

Amerudisha karatasi. Watu walimsindikiza mpaka kwa ofisi na Nelima alipiga sufuria njia yote.

Nilipiga pia. Mkono moja, ju ya ile hamsini na tatu.

Jumamosi, 6 Disemba

Arobaini na moja. Nimeanza exercise book ya pili. Mama ameona maandishi ya makaa kwa ukuta, akasoma, akasema niandike vizuri na rangi kama nimeamua kuharibu.

Jumatano, 10 Disemba

Kila mtu anajua. Waweru akikata nyama anaambia watu kuna mzungu alipoteza mara nne akashinda ya tano kwa kura hamsini na tatu. Mutiso akipita wanainua vidole vitano. Kila kidole kinanidunga. Akipoteza, nimemtoa kwa kazi na nyumba na uongo yangu, na Mama Dianah atalala chini ya beseni ya kukinga maji mpaka afe.

Nimeenda kwa Waweru tena kuuliza peji. Ameniuliza kama nimeposwa Ireland.

Jumatano, 17 Disemba

Leo Mutiso akipiga pampu aliniuliza, bila kuinua kichwa, siku baada ya kura Devenney alifanya nini. Nikasema walimbeba kwa mabega. Akasema aha. Akapiga pampu mpaka tairi ikalia.

Jumamosi, 27 Disemba

Meza kama kawaida. Simeon alisimama ng'ambo ya barabara nusu saa, chini ya mwavuli ya kampeni, anaangalia tu.

Jumatatu, 29 Disemba

Nimepiga kura ya kwanza ya maisha yangu, nimeloa mpaka ndani. Masanduku zilichelewa, karatasi zililoa, wamesema tutaendelea kesho. Shosho wa shuka ya kijani alikuwa mbele yangu kwa laini. Akaniambia leo anajua laini ni ya nini.

Jumanne, 30 Disemba

Tumeendelea. Mvua imeendelea pia.

Jumatano, 31 Disemba

Kura thelathini na nane.

Erastus amepita kwa tofauti ya thelathini na nane tu. 1992 ilikuwa zaidi ya elfu moja. Waweru alikuwa anasema hiyo hesabu kwa sauti, thelathini na nane, kama mtu ameambiwa umri wa marehemu. Mutiso alimshika Erastus mkono mbele ya watu, akarudi nyumbani akitembea. Mi sikuweza kumfuata.

Mwezi wa Ramadhani umeonekana. Kesho tunafunga.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Niko na saumu na huwezi kufunga na uongo tumboni. Saa nne nikaenda.

Alikuwa ameweka baiskeli kichwa chini kama siku yoyote. Mama Dianah anachambua mchele hapo kando. Nikasimama, nikasema yote na pumzi moja. Sikupata peji. Sijui kama alishinda. Hamsini na tatu ilikuwa ya kichwa yangu. Kazi ya soko, nyumba, zote nimezipoteza mimi.

Mama Dianah akaacha mchele. Akaangalia mume wake, na uso yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anangoja mwingine aseme.

Mutiso akafuta mikono. Akachukua ile tini yake ya viraka, akatoa solution, akatoa sandpaper, na chini kabisa akatoa karatasi imekunjwa mara nne, imekuwa ya kuona upande wa pili kwa mafuta. Akanipatia.

Ballycorran. 1982. Ile wiki.

"Tulifungiwa matumbo nayo siku ya kalvati," akasema. "Ilikuwa hapa ukinidanganya."

Nikakaa chini kwa udongo. Nikasoma. Devenney alipoteza. Hata ya tano, kwa kura mia mbili na kumi.

Nikamuuliza sasa kwa nini alirudisha karatasi. Akaniambia pole pole, akichagua maneno, ju yeye si mtu wa maneno. Alisoma mara ya kwanza akaona, mtu mwenye kichwa kama hii amepoteza mara tano, yeye naye ni nani. Ndio maana alisikiza Simeon. Halafu nikaja na hamsini na tatu yangu. Akaona mtoto ambaye hawezi hata kuiba sukari amesimama anamdanganya usoni ndio asiondoke. Akarudi ndani akaisoma tena na Mama Dianah, wakashika kwa jua ile sehemu ya chini mafuta iliingia, hawakuwa wameisoma.

Nikashika kwa jua.

Mistari minne tu. Jumamosi iliyofuata bwana Devenney alifungua meza yake saa ya kawaida. Walikuja watu thelathini na mmoja. Mwandishi alimuuliza kama hajui ameshindwa. Alimjibu kwamba watu ndio hawajui, na afadhali mwandishi asogee ju wamepanga laini.

Na chini yake penseli. Miaka yote huyo padre alikuwa anagombana na gazeti kwa Kiingereza. Hapa ameandika Kiswahili, sijui kwa nini, labda ni lugha ilikuwa karibu na roho siku hiyo: Pole, Malachy. Jumamosi njema.

Nikaanza kulia, halafu nikacheka, saumu yangu sijui iko wapi.

"Nilimwambia akiweza hiyo Jumamosi ya baada ya kupoteza, sitamlaumu," akasema Mama Dianah. Mara ya kwanza anaongea kwa hii mambo mbele ya mume wake. "Mimi ndio nilisema arudishe karatasi. Paa tutaziba."

Mutiso akarudi kwa baiskeli. Akasema kitu moja ingine, na amenipa mgongo, kwamba mahali ya mabega niliongeza chumvi.

Jumamosi, 3 Januari

Nilienda saa moja na nusu. Nilikuwa nimejiambia hakutakuwa na mtu, na kwamba tutakaa tu, sisi wawili, tumalize masaa yetu kama heshima. Mvua imerudi, ile ndogo ya kuchokoza.

Meza ilikuwa nje tayari. Nicanor ameitoa mwenyewe na ameiwekea nailoni juu.

Na laini. Sio ya posho mill. Ilifika kwa Waweru tu. Nelima. Shosho wa shuka ya kijani, bila gunia. Watu wawili sijawahi kuwaona, wanasema wametoka Murera, wamesikia kuna mahali unaletewa jibu. Mutiso alisimama kwa kona na baiskeli yake mkononi, hakusonga, na nikaona anahesabu, midomo inacheza. Halafu akasimamisha baiskeli, akavaa koti.

Wa kwanza kwa laini alikuwa amefunika kichwa na mwavuli ya kampeni, sura ya Erastus inatiririka maji. Akainua. Simeon.

Nyuma mtu akasema kidogo tu, uliza huyo kama ameleta maharagwe, na kicheko ikaanza, na Mutiso akainua mkono ikaisha.

Simeon akakaa kwa benchi. Hakuangalia Mutiso. Aliniangalia mimi, ama kalamu.

"Kwangu maji inaingia na ukuta wa nyuma," akasema. "Nimeambia Mheshimiwa. Amesema kesho."

Mutiso akavuta stuli akakaa kando yangu. Akanisogezea exercise book. Ni ya tatu, mpya, bado inanuka duka.

"Andika," akaniambia.

Nikaandika. Simeon, nyumba ya nne kutoka kalvati, ukuta wa nyuma. Jumatatu tunaenda.